Chuo kikuu kwa vijana wetu wenye ulemavu: haki, pesa na usalama

Maelezo haya yalitolewa na mhudumu wa familia katika kikao cha wazazi na vijana hapa Newtown. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali matatu yaliyoulizwa mwishoni.

Vijana mliokaa huko nyuma, sogeeni mbele kidogo, maana leo tunazungumza juu yenu.

Kila mwaka, mitihani inapokaribia, kuna swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mlangoni wakati mzazi ameshaaga: "Huyu mtoto wangu, na hali yake ile, universite watamkubali kweli?" Wengine hawaulizi kabisa. Wameshaamua nyumbani kwamba huyu atabaki, wadogo zake ndio watakaosoma. Leo nataka tulizungumze jambo hili kwa sauti ya kawaida, kwa sababu jibu ni ndiyo, anaweza kukubaliwa. Ila kuna karatasi za kujaza, kuna tarehe, na kuna mambo ambayo usipoyaomba hakuna atakayekuletea.

Ulemavu ni nini mbele ya sheria

Kwetu tukisema mlemavu, tunamfikiria mtu wa magongo, mtu asiyeona, au kiziwi. Sheria ya hapa inatazama mbali zaidi. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inasema mtu ana ulemavu kama ana tatizo la mwili au la akili linalomsumbua kwa kiasi kikubwa katika shughuli za kila siku, na tatizo hilo limedumu, au linatarajiwa kudumu, miezi 12 au zaidi.

Tazameni sasa ni wangapi wanaingia humo. Kijana mwenye selimundu, ile ndugu wa Kongo mnaiita SS, anayelazwa hospitali mara kwa mara, anaweza kuingia. Mwenye kifafa anaweza kuingia. Mwenye ualbino ambaye haoni ubao vizuri anaweza kuingia. Mtoto mwenye usonji anaweza kuingia. Mtoto mwenye akili nzuri ambaye herufi zinamchanganya kila akisoma, hali inayoitwa disleksia, naye anaweza kuingia. Na kijana ambaye halali usiku kwa sababu ya yale aliyoyaona Kivu au njiani, ambaye moyo humwenda mbio akiwa kwenye watu wengi, huyo pia anaweza kuingia. Saratani na virusi vya Ukimwi vinahesabiwa tangu siku daktari alipovigundua, hata kama mtu anajisikia mzima.

Kwa hiyo msiseme haraka, "Kwangu hakuna mlemavu." Neno hilo kwenye fomu si tusi. Ni neno la sheria, na linafungua haki.

Kwa nini tunaficha

Najua kwa nini tunaficha, na sitawalaumu. Tanzania, Burundi na sehemu za Kongo, mtoto mwenye ualbino alifichwa ndani kwa sababu watu waliwinda viungo vyake. Kumficha kulikuwa ni kumlinda. Kambini, mtoto mwenye kifafa alitengwa, watu wakiogopa kuambukizwa ugonjwa ambao hauambukizi. Mzazi aliyejifunza kunyamaza huko hawezi kuacha kunyamaza kwa siku moja kwa sababu ameshuka ndege.

Lakini hapa kunyamaza kunamkosesha mtoto. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Niwajibu hofu tatu ninazozisikia zaidi.

Ya kwanza: "Tukiandika kwenye fomu, chuo kitamkataa." Fomu ya kuombea chuo hapa inapitia UCAS, na ndani yake kuna swali la afya na ulemavu. Jibu lake lipo ili chuo kiandae msaada. Sheria inakataza chuo kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu wake. Mtoto bado anatakiwa kupata alama zinazotakiwa kama wengine, hapo hakuna huruma ya alama.

Ya pili: "Wataona sisi ni mzigo, watagusa karatasi zetu." Hapana. Kusema kwamba mtoto ana ulemavu hakugusi hadhi yenu ya ukimbizi wala ruhusa yenu ya kuishi hapa.

Ya tatu haisemwi, inaonekana usoni: "Hata akisoma, atakuwa nani?" Hiyo naijibu kwa mtu mmoja. Abdallah Possi ni Mtanzania mwenye ualbino. Alisoma sheria mpaka shahada ya udaktari, akafundisha Chuo Kikuu cha Dodoma, na mwaka 2015 akateuliwa kuwa naibu waziri. Baadaye akapelekwa kuwa balozi Ujerumani. Wakati watu wanawinda wenzake, yeye alikuwa anasahihisha karatasi za wanafunzi wa sheria.

Tena haki hii si mali ya wazungu peke yao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu na kutumia lugha ya ishara na breli. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka huohuo wa 2010. Kongo ina sheria yake ya mwaka 2022. Kwa maneno, nchi zetu zimesema yaleyale. Tofauti ni kwamba hapa kuna ofisi, kuna pesa, na kuna hakimu wa kumwendea.

Kinachokwisha shule inapokwisha

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana familia nyingi zinaangukia hapa.

Watoto wengine wana mpango wa EHCP kutoka Halmashauri ya Jiji la Birmingham. Mpango huo unaweza kuendelea mpaka miaka 25 kama kijana yuko shule au koleji. Lakini akiingia chuo kikuu, unakoma. Hauhamii naye. Msaidizi aliyekaa naye darasani hatamfuata. Mzazi anafikiri mambo yanaendelea kama zamani, na kijana anafika chuo mwezi wa tisa hana mtu, hana kifaa, na walimu hawajui lolote.

Kule mambo huanza upya, na anayeyaanzisha ni mwanafunzi mwenyewe. Shule ilikuwa inamfuata mtoto, lakini chuo kikuu kinasubiri mwanafunzi aseme.

Chuo kinadaiwa nini

Kila chuo kikuu na kila koleji hapa inadaiwa na Sheria ya Usawa kufanya marekebisho yanayofaa. Kwa Kiingereza yanaitwa "reasonable adjustments". Lishikeni neno hilo kama mnavyoshika namba ya nyumba, maana ukilitamka ofisini wanajua unazungumzia sheria. Chuo hakiruhusiwi kumtoza mwanafunzi gharama ya marekebisho hayo. Tena hakitakiwi kungoja mpaka mtu afike: kinatakiwa kufikiri mapema kwamba wanafunzi wenye ulemavu watakuja, na kujiandaa.

Marekebisho ni vitu kama hivi: muda wa ziada kwenye mtihani, chumba cha peke yake cha kufanyia mtihani, mapumziko katikati kwa mwenye maumivu, maandishi makubwa kwa asiyeona vizuri, kupewa maelezo ya somo kabla ya darasa, kurekodi mhadhara, darasa kuhamishwa chini kama lifti haifai, muda wa ziada wa kazi kwa aliyelazwa hospitali.

Kwa viziwi, Sheria ya Lugha ya Alama ya Uingereza ya mwaka 2022 imeitambua lugha hiyo kuwa lugha kamili ya nchi hii. Kijana wetu aliyejifunza ishara Nakivale au Kakuma atahitaji kujifunza za hapa, maana si lugha moja. Aanze mapema. Na kwa asiyeona ambaye bado hajawa tayari kwa chuo kikuu, kuna Queen Alexandra College hapa Harborne, koleji ya muda mrefu ya vijana wasioona na wenye ulemavu mwingine.

Kesi ya Bristol

Nitawapa kisa cha kweli, na ni kizito. Kama kuna mtu hapa moyo wake hauko vizuri leo, anaweza kutoka kidogo, hakuna atakayemuuliza.

Natasha Abrahart alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Bristol. Alikuwa na miaka 20. Alikuwa na hofu kali ya kusema mbele ya watu, hofu ambayo ni ugonjwa. Kozi yake ilikuwa na mahojiano ya mdomo baada ya majaribio ya maabara, na alama zake zikashuka kwa sababu hakuweza kufungua mdomo, si kwa sababu hakujua fizikia. Tarehe 30 Aprili 2018 alitakiwa kushiriki uwasilishaji katika ukumbi wa viti zaidi ya 300. Siku hiyo alijiua.

Wazazi wake walikwenda mahakamani. Mwaka 2022 hakimu aliamua kwamba chuo kilivunja Sheria ya Usawa kwa kutofanya marekebisho. Chuo kikakata rufaa, na Februari 2024 Mahakama Kuu ikaikataa rufaa hiyo.

Kesi hiyo inatufundisha mambo mawili. La kwanza, kuna tofauti kati ya kiwango na njia ya kupima. Chuo hakilazimiki kumpa mtu shahada ya fizikia bila kujua fizikia. Lakini kama kinachopimwa ni kuijua fizikia, kumlazimisha aeleze kwa mdomo ni njia tu, na njia inaweza kubadilishwa: aandike, ajibu mbele ya mtu mmoja, apewe maswali mapema. La pili, chuo kilikuwa kinaona. Walimu walimwona hawezi kusema. Mahakama ilionyesha kwamba pale ambapo hali ya mwanafunzi inaonekana wazi, chuo hakiwezi kukaa kikidai karatasi zaidi huku mtu anaumia.

Hata hivyo, ninyi msitegemee kuonekana. Semeni, na semeni kwa maandishi. Barua pepe ina tarehe, na tarehe ni shahidi.

Pesa ya DSA

Sasa pesa. Kuna posho ya serikali kwa wanafunzi wenye ulemavu, inaitwa DSA. Kwa England inaombwa kwa Student Finance England. Mambo yake ni haya.

Si mkopo. Hailipwi. Haitazami mshahara wa baba wala wa mama. Inatazama mahitaji ya mwanafunzi tu.

Kwa mwaka wa masomo 2024/25, kikomo chake kilikuwa pauni 26,948. Msisikie namba hiyo mkafikiri ni pesa ya mfukoni. Wengi hupata chini ya hapo sana, na mara nyingi pesa inalipwa moja kwa moja kwa anayeleta kifaa au huduma.

Inaweza kulipia programu ya kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti, kiti maalumu, msaidizi mtaalamu wa kuandika maelezo darasani, mkalimani wa lugha ya alama, mshauri wa kukutana naye kila wiki kwa mwenye matatizo ya akili, mwalimu wa disleksia, na nauli ya ziada kama ulemavu ndio unaomfanya ashindwe kutumia basi. Ikiwa anahitaji kompyuta, atachangia pauni 200 za mwanzo mwenyewe.

Haitoi chakula, kodi ya nyumba, wala msaada wa kuoga na kuvaa. Huo wa mwisho unaombwa idara ya huduma za jamii ya halmashauri ya jiji.

Je, sisi tunastahili? Mtu mwenye hadhi ya ukimbizi hapa England anaweza kuomba msaada wa wanafunzi bila kusubiri miaka mitatu ya kuishi nchini, na analipa ada ya mwanafunzi wa nyumbani. Wengi waliokuja kwa mpango wa kuhamishwa wako katika kundi hilo. Lakini karatasi za familia hazifanani. Leteni zenu tuzitazame kabla ya kujaza.

Hatua kwa hatua

Kwanza, ushahidi. Nenda kwa daktari wako wa GP, omba barua inayosema ugonjwa au ulemavu ni upi, umedumu kwa muda gani, na unazuia nini. Una haki ya mkalimani bila malipo. Usimtumie mtoto mdogo kutafsiri habari za dada yake. Vipimo vya IOM mlivyofanyiwa kabla ya safari vinaweza kusaidia, lakini barua ya daktari wa hapa ndiyo inayotazamwa. Kwa disleksia barua ya GP haitoshi: inatakiwa ripoti ya mwanasaikolojia au mwalimu mtaalamu. Ripoti hiyo ina gharama na DSA hailipii, basi uliza shule au chuo kama kitasaidia.

Pili, UCAS. Tarehe kuu ya kutuma maombi huwa mwezi wa Januari. Jaza swali la ulemavu kwa ukweli.

Tatu, kabla ya kuchagua chuo, nenda ukakione. Sisi wa Newtown tuna bahati: Aston University mtu anaweza kwenda kwa miguu, na Birmingham City University iko mjini hapo. University of Birmingham iko Edgbaston na ina kituo chake cha treni. Siku ya kutembelea, usitazame maua na maktaba tu. Muulize mtu wa ofisi ya ulemavu: lifti ngapi, choo kiko wapi, mihadhara inarekodiwa au hairekodiwi, kijana wangu akilazwa wiki mbili mnafanyaje? Jibu la "tutaangalia" si jibu.

Nne, omba DSA mapema, hata kabla nafasi ya chuo haijathibitishwa. Kupanga msaada mpaka ukamilike kunaweza kuchukua wiki 14. Hesabuni wenyewe: ukingoja matokeo ya mwezi wa nane, mtoto atafika Novemba au Desemba hana kitu.

Tano, tathmini ya mahitaji. Utaitwa kuongea na mtu, kwa video au ana kwa ana. Si mtihani wala mahojiano ya uhamiaji. Vijana wetu wamezoea kuhojiwa na maofisa, wanajibu kifupi, "Niko sawa." Msijibu hivyo. Eleza siku mbaya, si siku nzuri. Ukisema uko sawa, wataandika uko sawa. Na usinunue chochote kabla ya kupata barua ya kibali, maana hutarudishiwa pesa.

Usalama

Kuna mambo ya usalama ambayo wazazi huwa hawayaulizi.

Moto. Ninyi mnaoishi kwenye maghorofa ya hapa Newtown mnajua lifti ikiharibika inakuwaje. Moto ukitokea, lifti hazitumiwi. Mwanafunzi wa kiti cha magurudumu aliye ghorofa ya nne atashukaje? Chuo kinaweza kumwandikia mpango wake binafsi wa kutoka, unaoitwa PEEP: atasubiri wapi, nani atamfuata, kiti gani cha kushushia ngazi kitatumika. Kiziwi anayelala bweni anahitaji king'ora chenye taa au kinachotikisa mto. Ombeni mpango huo wiki ya kwanza, na msome umeandika nini.

Ugonjwa wa ghafla. Mwenye kifafa au selimundu awe na watu wawili wanaojua la kufanya. Mwenye selimundu asiishi kwenye chumba cha baridi. Lisemwe hilo kwenye fomu ya bweni.

Njia. Watu wengi wenye ulemavu hapa West Midlands wanaweza kupata pasi ya kusafiri bure. Lakini siku za kazi pasi hiyo huanza kutumika saa tatu na nusu asubuhi. Kama darasa ni saa tatu, panga nauli mapema au uliza kuhusu ratiba.

Matusi na unyanyasaji. Kijana wetu anaweza kutukanwa kwa rangi, kwa dini, na kwa ulemavu, yote kwa siku moja. Tangu tarehe 1 Agosti 2025, mdhibiti wa vyuo vikuu vya England anavitaka vyuo vilivyosajiliwa kwake kueleza wazi mahali pamoja jinsi ya kuripoti unyanyasaji na msaada unaopatikana. Ukurasa huo upo kwenye tovuti ya kila chuo. Utafuteni kabla hamjauhitaji.

Na moyo. Wengi wetu tulisomeshwa na vita, tukajua kuvumilia. Uvumilivu ni mzuri, lakini si dawa. Kijana akisema amechoka na maisha, msimwambie aombe tu. Aombe, na pia mpige simu. Samaritans ni 116 123, bure, usiku na mchana. NHS ni 111, kisha chagua namba 2 kwa matatizo ya akili. Kama maisha yako hatarini sasa hivi, ni 999.

Mzazi baada ya miaka 18

Jambo hili linawaumiza wazazi wengi, kwa hiyo bora mlisikie kwangu. Mtoto akifikisha miaka 18, chuo hakitazungumza nanyi juu yake bila ruhusa yake. Ukipiga simu kuuliza kama anahudhuria darasa, watakukatalia kwa upole. Si dharau. Ni sheria ya siri za mtu.

Kwa hiyo kaeni naye kabla hajaanza. Mwombe aandike ruhusa chuoni kwamba mama au baba, au mjomba anayejua Kiingereza, anaweza kupigiwa simu kukiwa na hatari. Vyuo vingi huuliza jina la mtu wa kuaminiwa. Achague mwenyewe. Akimchagua shangazi badala yako, usinune. La maana ni kwamba kuna mtu.

Na ninyi vijana, sikilizeni. Wazazi wenu waliwabeba mgongoni. Ruhusa hiyo haiwapunguzii utu uzima wenu.

Chuo kikikataa

Kama chuo kinakataa marekebisho, au kimeyakubali kwenye karatasi na hakiyatekelezi, lalamika kwa maandishi kwa kufuata utaratibu wa chuo. Chama cha wanafunzi kina washauri wa bure, nao si waajiriwa wa walimu. Utaratibu wa ndani ukiisha, chuo kitatoa barua ya kumaliza. Kwa barua hiyo unaweza kwenda kwa OIA, ofisi huru inayosikiliza malalamiko ya wanafunzi, bila malipo, ndani ya miezi 12. Mahakama nayo ipo, lakini muda wake ni mfupi: kwa kawaida miezi sita tangu jambo lilipotokea. Usikae na jambo mwaka mzima ukisema Mungu yupo. Yupo, lakini tarehe nazo zipo.

Maswali yaliyoulizwa

Mama mmoja aliuliza: "Sisi ni Waislamu. Hatutaki mkopo wa riba. Mtoto atakosa na hii DSA?"

Hapana, mama. DSA si mkopo, haina riba, na mtoto anaweza kuiomba hata kama hachukui mkopo wa ada. Mkopo wa ada una riba, hilo ni kweli, na hapo kila familia itashauriana na wanazuoni wake. Lakini msikose haki isiyo na riba kwa kuiogopa ile yenye riba.

Baba mmoja alisema: "Mimi nina miaka 41, mguu mmoja, na diploma ya Kongo ambayo hapa hawaijui. Nimeshapitwa?"

Baba, hujapitwa. UK ENIC hulinganisha vyeti vya nje na vya hapa, anza huko. Kama hakitoshi, kuna kozi ya mwaka mmoja ya watu wazima kwenye koleji, iitwayo Access, inayokupeleka chuo kikuu. Na Open University inafundisha mtu akiwa nyumbani, na kozi zake nyingi za shahada hazidai cheti cha kuingilia. DSA inaweza kukufuata huko pia. Kiingereza ndicho cha kwanza. Endelea na ESOL, na uwaambie hao nao kuhusu mguu wako kama ngazi zinakusumbua.

Binti mmoja aliuliza: "Napata PIP. Nikianza chuo, pesa zangu zitakatwa?"

PIP haikatwi kwa sababu unasoma. DSA nayo haihesabiwi kama mapato. Lakini Universal Credit ina mtego. Wanafunzi wengi wa muda wote hawaipati. Mwenye ulemavu anaweza kuipata kama ana PIP na kama alishapimwa na kuonekana uwezo wake wa kufanya kazi ni mdogo kabla ya kuanza kozi. Kabla, si baada. Kwa hiyo usitie sahihi ya kuanza chuo mpaka umekaa na mshauri wa mafao. Mwezi mmoja wa kuuliza unaweza kukuokoa miaka mitatu ya shida.

Wazazi wangu, wakija ofisini leteni vitu vinne: karatasi za kuishi hapa, barua yoyote ya daktari, ripoti za shule au EHCP, na kijana mwenyewe. Huyo wa mwisho msimsahau, maana sahihi inayotakiwa ni yake.